Jinsi pombe inavyodhuru tumbo na ini kimyakimya

ANAPOULIZWA na daktari iwapo anatumia pombe, mgonjwa aliyetoka vijiji vya Butere, katika Kaunti ya Kakamega, huenda akajibu kwamba hanywi pombe, ila busaa kidogo. Si kwamba anadanganya. Kwa wakazi wengi wa Magharibi mwa Kenya, busaa ni kinywaji cha wazee, cha sherehe za mahari na cha matanga, na zamani ndiyo iliyokuwa shukrani kwa majirani waliokuja kusaidia kulima au kujenga nyumba. Pombe, kwa fikira zao, ni ile ya chupa, au chang'aa inayouzwa kwa kificho. Ini, hata hivyo, halitambui mgawanyo huo. Hupokea alkoholi ile ile, likalazimika kuivunja gramu kwa gramu.

Jibu hilo la mgonjwa lina uzito kuliko linavyoonekana. Magonjwa ya viungo vya kusaga chakula yanayoletwa na pombe huweza kuendelea kwa miaka mingi pasipo maumivu ya kumtia mtu hofu, na katika kipindi hicho chote mnywaji mwenyewe ndiye shahidi wa pekee. Asiposema, matibabu huanza tumbo likiwa limejaa maji, macho yamegeuka manjano au mgonjwa anatapika damu. Kufikia hapo, nyumbani huwa pameshazuka minong'ono kwamba ametiliwa sumu kilabuni au amerogwa na jirani.

Butere, makao ya jamii ya Abamarama, ulijulikana kwa muda mrefu kama kituo cha mwisho cha reli itokayo Kisumu, iliyofika hapo mwaka 1930. Wamishenari wa Kianglikana walikuwa wametangulia, wakaanzisha kituo chao mwaka 1912 na, miaka michache baadaye, shule ya wasichana ambayo sifa zake zimeenea kote nchini. Walihubiri dhidi ya pombe, na hadi leo kuna familia zilizogawanyika pande mbili: wasioonja kabisa kwa sababu ya imani, na wanaoona kwamba mila haikamiliki bila chungu cha amalwa. Kisha ikaja miwa. Tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga sukari mwaka 1973, wakulima wa maeneo haya waligeuza sehemu kubwa ya mashamba yao kuwa ya miwa, na molasi pamoja na sukari nguru, ambazo huchachuka upesi, zikawa karibu na mkono wa mpishi wa pombe.

Utafiti wa kitaifa uliotolewa na mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya nchini, NACADA, mwaka 2022 uliiweka Magharibi mbele ya maeneo mengine yote ya Kenya kwa utumiaji wa pombe. Asilimia 23.8 ya watu wa umri wa kati ya miaka 15 na 65 katika eneo hilo walikuwa wanywaji.

Busaa, chang'aa na hesabu ya gramu

Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliokandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa hadi uchachuke. Donge hilo hukaangwa juu ya bati mpaka likawa chengachenga za rangi ya kahawia, kisha hutiwa majini pamoja na kimea cha wimbi. Baada ya siku mbili tatu, hamira huwa imegeuza sukari ya nafaka kuwa alkoholi, na machicha huchujwa. Kinachobaki ni kinywaji kizito, chachu, chenye alkoholi ya kati ya asilimia mbili na tano hivi. Wanaosema kwamba busaa ni chakula hawajakosea kabisa, kwani ina wanga pamoja na vitamini za kundi B zitokanazo na kimea na hamira.

Chang'aa haina hata chembe ya hayo. Mpishi huanza na kangara, yaani mchanganyiko wa maji na molasi au sukari nguru, pengine pamoja na unga au machicha ya busaa, ambao huachwa uchachuke. Kisha huuchemsha katika pipa lililozibwa, na mvuke unapopozwa hudondoka kwenye chombo kingine ukiwa pombe kali. Nguvu yake hutegemea mpishi na siku yenyewe. Huweza kuwa asilimia 20, huweza kupita 40. Ni aina ile ile ya kinywaji ambacho Tanzania huitwa gongo na Uganda waragi.

Kosa la wengi ni kuvilinganisha vinywaji hivi kwa namna vinavyouchoma ulimi. Kipimo kilicho sahihi ni uzito wa alkoholi iliyomo. Lita mbili za busaa yenye nguvu ya asilimia nne zina gramu 63 hivi za alkoholi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina gramu 17. Robo lita ya chang'aa yenye asilimia 40 ina gramu 79. Kwa hiyo mzee aliyemaliza mikebe miwili ya busaa, kila mmoja wa lita moja, na ambaye angeapa kwamba hajalewa, amekunywa karibu sawa na chupa nne za bia. Kijana aliyeketi kwa mama pima akameza kikombe kimoja amempita kwa dakika chache.

Ini la mtu mzima huondoa gramu saba hadi kumi za alkoholi kwa saa moja. Kahawa, supu ya kichwa na maji baridi humzindua mlevi au kumburudisha, lakini haviharakishi kazi hiyo hata kidogo. Kushiba kabla ya kunywa husaidia kwa kiasi fulani: chakula huichelewesha pombe tumboni, ikaingia katika damu polepole. Hata hivyo, imani kwamba maziwa huupaka ukuta wa tumbo na kuulinda haina msingi. Sehemu ndogo tu ya pombe hufyonzwa katika tumbo lenyewe. Iliyobaki hufyonzwa katika utumbo mwembamba, na yote hatimaye hupita kwenye ini.

Kutoka mdomoni hadi tumboni

Madhara huanza kabla ya kumeza. Bakteria wa mdomoni huigeuza sehemu ya alkoholi kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu chembe za urithi ndani ya seli. Ndiyo maana vinywaji vyote vya pombe, bila kujali aina, viliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, tangu mwaka 1988. Mdomo, koo na umio, yaani mrija unaoteremsha chakula hadi tumboni, ni miongoni mwa sehemu zinazoathirika. Mnywaji ambaye pia ni mvutaji wa sigara hazidishi hatari kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha, kwa sababu pombe huulainisha utando na kuiachia sumu ya tumbaku njia.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Kenya imo katika ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambao saratani ya umio imekithiri kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek, Kaunti ya Bomet, imetibu hata vijana wasiofikisha miaka 30. Pombe pekee haiwezi kueleza hali hiyo, maadamu miongoni mwa wagonjwa wamo wasioonja pombe maishani. Wataalamu hutaja pia vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika hilo la saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia ugonjwa huu. Onyo hilo huchukuliwa kuwa la chai, lakini linawahusu pia wazee wanaozunguka chungu kwa mirija mirefu, ambacho huongezewa maji ya moto kila kinapopungua. Dalili ya kuangalia ni moja na iko wazi: chakula kukwama. Mtu huanza kushindwa kumeza ugali au nyama, akahamia uji, na baadaye hata maji yakawa shida. Anayeona ugali unamkwama kwa majuma mawili asisubiri uji nao umshinde.

Chini ya umio pana msuli unaofunga mlango wa tumbo. Pombe huulegeza, asidi ikapanda, na hapo ndipo kinapotoka kiungulia. Mnywaji wa busaa au bia hukipata zaidi kuliko anavyotarajia. Vinywaji vilivyochachuliwa tu, vyenye alkoholi ndogo, huchochea tumbo kutoa asidi nyingi. Vinywaji vikali havifanyi hivyo sana, ila huuchoma ukuta wa tumbo moja kwa moja. Kila kimoja hudhuru kwa njia yake, na anayeanza na busaa jioni kisha akamalizia na chang'aa usiku huvikusanya vyote viwili.

Kwamba ukuta wa tumbo huweza kuchubuka pasipo mwenyewe kuhisi ni jambo lililoonekana kwa macho takriban miaka 200 iliyopita. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac, Marekani, kibarua aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya, na jeraha lake likapona likiacha tundu lililofika tumboni. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, alilitumia tundu hilo kama dirisha, akachunguza kwa miaka mingi jinsi chakula kinavyosagwa na kuchapisha matokeo mwaka 1833. Aliona kwamba baada ya siku kadhaa za kunywa pombe kali, utando wa tumbo la St. Martin ulikuwa mwekundu, umevimba na una vidonda, ilhali mwenyewe hakuwa na malalamiko yoyote ya maana. Sijapata kusoma ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba utulivu wa tumbo si cheti cha afya.

Hapa inafaa kusahihisha jambo moja. Vidonda vya tumbo, ambavyo kila mtu Butere na kwingineko humlaumu navyo mlevi, kwa kawaida havitokani na pombe. Husababishwa hasa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye wengi Afrika Mashariki huambukizwa tangu utotoni, na pia na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliomgundua bakteria huyo, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Marshall alifikia hatua ya kumnywa bakteria mwenyewe ili kuwathibitishia wenzake. Kinachofanywa na pombe ni kuuvimbisha ukuta wa tumbo, kuchelewesha kupona kwa kidonda kilichopo na kukifanya kivuje damu. Kwa hivyo anayenunua dawa za kutuliza asidi dukani kila wiki bila kupimwa bakteria, huku akiendelea kunywa, huenda anapaka chokaa ukuta unaobomoka.

Hatari zaidi ni mazoea ya kumeza aspirini au diklofenaki asubuhi kwa ajili ya kichwa kinachogonga, tumbo likiwa tupu na bado lina uchungu wa jana. Mchanganyiko huo huweza kulitoboa. Wengine huamua "kutoa loki" kwa kunywa tena alfajiri. Maumivu hutulia kwa saa chache, na ukuta uliokuwa ukijaribu kujirekebisha huchomwa upya. Kutapika kwa nguvu baada ya kunywa nako huweza kupasua utando mahali umio unapoungana na tumbo, mtu akatema damu mbichi. Choo cheusi kinachong'aa kama lami pia ni damu, iliyosagwa njiani. Yote mawili ni sababu ya kupelekwa hospitali usiku ule ule.

Katika utumbo mwembamba, pombe huzuia ufyonzaji wa vitamini, hasa B1 na foleti, na huharakisha mwendo wa chakula. Ndiyo sababu ya kuhara asubuhi. Alkoholi ina nishati nyingi, kalori saba kwa kila gramu. Lita mbili za busaa tulizozitaja hutoa kalori 440 kutokana na alkoholi pekee. Mnywaji huhisi ameshiba, akaacha chakula cha jioni, na pesa za mboga zimeshakwisha. Mwili unapewa kuni bila mchanga wala saruji. Misuli ya mapaja na mabega hunyauka, na watu husema pombe inamkausha.

Kongosho

Nyuma ya tumbo kuna kongosho, kiungo kinachotengeneza vimeng'enya vya kuyeyusha mafuta na protini na pia kudhibiti sukari mwilini. Wakenya wengi hawakijui mpaka kiwaugue. Baada ya miaka ya unywaji mwingi, vimeng'enya hivyo huweza kuamka kabla ya kufika utumboni vikaanza kuisaga kongosho yenyewe. Maumivu yake ni makali mno. Hushika juu ya kitovu, yakapenya hadi mgongoni, yakazidi mtu anapolala chali na kupungua kidogo anapoinama mbele. Hayamezewi dawa ya asidi. Yakirudiarudia, kongosho hukauka, choo kikawa cha mafuta kinachoelea, na wengine wakapata kisukari ambacho hakikuwamo katika ukoo wao.

Ini na mizigo yake

Ini ndilo linalobeba sehemu kubwa zaidi ya adhabu, na pia ndilo lenye subira kuliko viungo vyote. Hatua ya kwanza ni mafuta. Anayekunywa sana huweza kurundika mafuta ndani ya ini kwa muda wa siku au majuma machache tu, na karibu wanywaji wote wa kiasi kikubwa hufikia hapo. Hawahisi kitu. Hatua ya pili ni uvimbe wa ini: homa, kichefuchefu, maumivu chini ya mbavu za kulia na macho kugeuka manjano. Watu huuita umanjano huo homa ya manjano, jina ambalo kwa kweli ni la ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbu. Hatua ya tatu ni makovu, ambayo madaktari huyaita sirosisi. Seli zilizokufa hufidiwa na nyuzi ngumu, ini likasinyaa na kuwa na vinundu.

Damu yote inayotoka utumboni hupaswa kupita kwenye ini. Ini linapogeuka makovu, damu hukosa njia, na shinikizo hurudi nyuma kama mto uliozibwa. Wengu huvimba. Maji huvuja na kujaa tumboni huku miguu ikivimba. Mishipa midogo ya umio hutanuka kama mishipa ya mikono ya mkulima, na siku moja hupasuka, mgonjwa akatapika damu beseni zima. Ini lisiloweza tena kusafisha damu huiachia sumu ya amonia ifike ubongoni, mtu akaanza kuchanganyikiwa, akalala mchana na kukesha usiku. Katika meza ya habari tumezoea kuandika kwamba fulani alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mara nyingi muda mfupi huo ni miezi mitatu ya mwisho ya ugonjwa uliochukua miaka 10 au 15.

Si kila mnywaji mkubwa hupata sirosisi. Hukadiriwa kwamba ni asilimia 10 hadi 20 kati yao. Kinachoamua ni wingi wa pombe na idadi ya miaka, lakini pia jinsia na mambo mengine yanayolishambulia ini. Mwanamke huathirika upesi kuliko mwanamume kwa kiwango kile kile cha pombe, kwa vile mwili wake una maji machache ya kuizimua na tumbo lake huivunja kwa uchache kabla haijafika katika damu. Mama pima ambaye huionja kila duru anayoipika, na ambaye hakuna anayemhesabu miongoni mwa walevi, yumo hatarini pengine kuliko wateja wake.

Katika mambo hayo mengine, mawili yanastahili kutazamwa kwa makini katika nchi yetu. La kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2001, maana yake ni kwamba watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata kinga hiyo. Mwenye virusi hivyo akinywa pombe, safari yake kuelekea sirosisi na saratani ya ini hufupika. Kipimo ni cha damu kidogo tu.

La pili ni ukungu wa mahindi. Butere hupata mvua nyingi, na mahindi ya msimu mrefu huvunwa katika miezi ya Julai na Agosti wakati mawingu hayajaondoka. Yasipokauka vizuri huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini, ambayo husababisha saratani ya ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Mahindi yaliyobadilika rangi mama hukataa kuyapeleka kinuni kwa ugali wa watoto, lakini hayatupwi; hutengwa kwa ajili ya pombe. Kuchacha na kukaangwa hakuondoi aflatoksini yote. Hivyo ini la mnywaji wa busaa ya mahindi hayo hupokea alkoholi na sumu ya ukungu katika mkebe mmoja. Anayepika busaa, iwe ya kuuza au ya matanga ya ukoo wake, atakuwa amewaepusha wanywaji na hatari kubwa kwa kutumia nafaka ambayo yeye mwenyewe angekubali kuila.

Ni lazima pia kuwatendea haki wagonjwa wasiokunywa. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako watu wengi wa Magharibi huenda kuvua na kuchuuza samaki, kuna kichocho cha utumbo. Mayai ya mnyoo huyo hunasa ndani ya ini na kuleta shinikizo lile lile, wengu mkubwa na kutapika damu. Tumbo lililofura halitoshi kumhukumu mtu kwamba ni mlevi, na mtu wa kanisa asiyeonja pombe asifichwe nyumbani kwa kuogopa maneno ya watu.

Sumu ya ghafla

Madhara tuliyoyaeleza ni ya pombe iliyo safi. Vifo vya watu wengi kwa usiku mmoja, ambavyo Kenya imevishuhudia mara kwa mara, hutokana na kitu kingine: methanoli, kemikali ya viwandani inayofanana na alkoholi kwa sura na harufu. Zaidi ya watu 130 walikufa Nairobi mwezi Novemba mwaka 2000. Makumi walikufa katika kaunti kadhaa Mei 2014, na watu 17 Kirinyaga Februari 2024. Mahindi na molasi zinapochachuka hutoa methanoli kidogo mno isiyoweza kuua hivyo. Inayoua huongezwa na mtu anayetaka kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Huanza kwa maumivu ya tumbo na kutapika, na kwa kuwa dalili nzito huchelewa kwa saa 12 hadi 24, mnywaji hudhani ni uchovu wa kawaida mpaka macho yaanze kuona ukungu. Hospitali ina dawa ya kuzuia sumu hiyo, iwapo atafikishwa mapema.

Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Sheria ya udhibiti wa vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilifuta marufuku hiyo na kuruhusu utengenezaji wa chang'aa kwa leseni na kwa viwango vya usafi. Ile ya vijijini imebaki nje ya utaratibu huo, na anayeinunua hana lebo ya kusoma wala wa kumshtaki.

Kinachoweza kupona

Ini lenye mafuta hurudi katika hali yake baada ya majuma manne hadi sita ya kutokunywa kabisa. Ukuta wa tumbo uliovimba hupona kwa siku chache. Uvimbe wa ini huweza kutulia kwa miezi. Makovu ya sirosisi hayafutiki yote, lakini anayeacha pombe hata akiwa katika hatua hiyo huongeza miaka ya kuishi, na hilo huwapita wengi wanaojiambia kwamba wameshachelewa. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa salama kwa afya. Hata hivyo, kati ya mikebe miwili kila siku na mmoja Jumamosi kuna tofauti ambayo ini huipokea.

Wanaotumia dawa za kifua kikuu wanapaswa kujihadhari zaidi, kwani dawa ya isoniazidi nayo hulielemea ini. Parasetamoli, inayoaminiwa kuwa dawa nyepesi, huwa sumu kwa mnywaji wa kila siku akipitisha kipimo. Mitishamba ya kutibu umanjano huweza kuongeza mzigo juu ya mzigo.

Hospitali ya Butere huweza kuanza uchunguzi, na wanaohitaji picha za ini au kuingiziwa kamera tumboni hutumwa Kakamega, Kisumu au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ambako mishipa ya umio inayovuja huweza kufungwa kwa mpira mdogo bila kupasua. Mgonjwa ajieleze kwa vipimo anavyovijua: mikebe mingapi, vikombe vingapi, siku ngapi kwa wiki, tangu mwaka gani. Daktari ataibadilisha hesabu hiyo kuwa gramu. Asiache kutaja busaa.

Mtu aliyezoea kunywa kila siku tangu asubuhi asiache kwa ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kati ya saa sita na siku nne baada ya kikombe cha mwisho huweza kutetemeka, kutokwa jasho, kupata kifafa na kuona vitu visivyokuwapo, na wapo wanaokufa kwa hali hiyo. Hospitalini hupewa dawa za kumtuliza na sindano za vitamini B1 kabla ya kuongezewa maji ya sukari. NACADA hupokea simu za bure kupitia nambari 1192, kwa mnywaji mwenyewe au kwa mke, mume au mtoto anayetaka kujua aanzie wapi.